Panga la Kukaa

Mimi ni mwanamke, na niliwahi kuwa na banda la gemu Masasi mjini, nyuma ya soko. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari hii huuliza kwanza, "Banda lilikuwa la nani?" kana kwamba mimi nilikuwa napita tu na ndoo. Lilikuwa letu, mimi na kaka yangu. Yeye alileta mashine. Mimi nilileta kufuli, ufagio na mdomo wa kuwatoa watu waliokuwa hawataki kutoka.

Ilikuwa miaka ile soko huria limekolea. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wanapishana barabarani, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu, na maduka ambayo utotoni mwetu tuliyapangia foleni ya sabuni na sukari sasa yalikuwa yanauza redio, saa za kung'aa na mafuta ya nywele ya rangi zote. Kaka alipopata msimu mzuri alisafiri kwenda Dar es Salaam. Mama alitegemea mabati. Kaka akarudi na tivii, mashine ya gemu na pedi mbili, amezifunga ndani ya godoro zisivunjike. Mama alilizunguka lile godoro taratibu, akalitazama upande huu na upande ule, kisha akauliza, "Na mabati yanakuja na gari jingine?"

Gemu lililotuweka mjini lilikuwa moja. Jina lake la kwenye kasha halikutushughulisha. Sisi na wateja tuliliita Panga. Mtu mmoja, nywele mpaka kiunoni, panga refu kuliko mpini wa jembe, anaingia katikati ya jeshi zima na kulifyeka kama anayepalilia kwa hasira. Mfanyabiashara wa sidii alipotoka Dar alituletea ndugu zake: mtu yule yule, nywele zimeongezeka, maadui wameongezeka, mwishoni bosi mkubwa zaidi ya yule wa mwanzo. Hatukulalamika. Mtu haendi kwa mama ntilie kutafuta chakula kigeni. Sheria ya banda tuliiandika ukutani kwa mkaa: UKIFA UNATOKA. Na kwa kuwa wengi walikufa upesi, benchi halikupoa.

Kaka yeye hakuwa anakufa. Vidole vyake vilikwenda kama cherehani, na huku vinakwenda alikuwa anapiga soga, anamtania Mmakua huyu, anamuuliza Myao yule habari za mkwewe, macho yake hata hayako kwenye kioo sawasawa. Vijana walikuja na baiskeli kutoka Lisekese kumtazama tu. Alipomaliza steji watu walipiga makofi, naye aliweka pedi chini na kujinyoosha kama mtu aliyetoka kulala. Nilimwonea fahari sana. Nilimwonea na wivu pia, kwa sababu asubuhi kabla ya kufungua nilikuwa nacheza peke yangu, mlango nimeurudishia, na nilijua nini maana ya kufika pale alipokuwa anafika yeye.

Kisha ukaja mwezi wa kupiga salfa. Kaka alikuwa anapanda Newala kwa pikipiki, mfuko wa salfa nyuma, kwenda kupulizia mikorosho ya Mama kule Chilangala. Kwenye kona moja ya ule mlima mchanga ukamtoa, pikipiki ikamlalia mkono wa kulia. Hospitali waliuokoa mkono. Vidole ndivyo havikurudi. Kidole gumba kilisogea kwa kukiombea, na vile vingine vilijikunja vikabaki hivyo, kama vya mtu aliyeshika kitu na hataki kukiachia.

Hakurudi Masasi. Alikaa kwa Mama Chilangala, mkono ndani ya mfuko wa sweta, jua liwake lisiwake. Nilipopanda kumwona nilimwamkia, "Shikamoo, kaka," na hakuitikia. Kwetu mtu asipoitikia marahaba ni jambo zito; hata mgonjwa wa homa kali huitikia kwa kope. Niliamkia mara ya pili nikidhani hakusikia. Alikuwa amesikia. Kaka ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo kijiji kizima kinamwita Mama yetu kwa jina lake. Kila jirani aliyebisha hodi uani alikuwa anataja jina la kaka, na mwenye jina yupo ndani, amekaa, hageuki.

Mama alinisindikiza njiani akaniambia, "Mwanangu, mwenzio anakufa akiwa amekaa. Mkono si kitu, watu wanaishi na mguu mmoja. Lakini huyu hataki kuonekana. Mtu asiyetaka kuonekana utamwuguza vipi?"

Nilishuka na swali hilo. Nilichokuwa nacho ni banda tu.

Msimu wa korosho ulikuwa umeshika kasi yule mfanyabiashara wa sidii alipokuja tena. Akatoa kasha jipya, na juu yake yupo mtu wetu, nywele zile zile, panga lile lile. Wateja wakashangilia. Nikaweka sidii, tukasubiri damu.

Ikatokea ramani.

Tulisubiri ramani iondoke. Haikuondoka. Ilikuwa na milima, mito, vijiji vidogo vyenye bendera, na pembeni ghala la nafaka. Mtu wetu alikuwa amekaa kitini, ndiyo, amekaa, na mbele yake wamesimama watu wengine wanaongoja awaambie pa kwenda. Ukibonyeza, anainua mkono. Wao wanakwenda. Yeye anabaki kitini.

"Anaumwa?" mmoja akauliza.

"Kapata cheo," fundi baiskeli mmoja akamjibu, na banda zima likacheka. Fundi huyo ndiye aliyekuwa bingwa wetu tangu kaka alipoondoka, na alikuwa na ulimi. Ndiye aliyelibatiza gemu lile Panga la Kukaa, na jina likaganda.

Niliwakasirikia wateja, kisha nikaikasirikia sidii, kisha kwa kuwa nilikuwa nimeshainunua nikaamua kuipima kwa haki. Nilikuwa nacheza asubuhi, mlango nimeurudishia kama kawaida yangu. Nasema ukweli: mara ya kwanza nilisinzia. Panga la kawaida linakushika shingo. Hili linakutazama tu na kungoja ufikiri. Msimu unapita, mchele unapungua, jemadari mmoja ananuna kwa sababu umempa mwenzake kijiji kizuri, na asipobembelezwa anahamia kwa adui. Nilianza kuliheshimu pale aliponinunia jemadari. Nikasema, huyu aliyelitengeneza amewahi kukaa na ndugu.

Lakini biashara ilikataa. UKIFA UNATOKA haikufanya kazi, maana humo mtu hafi. Anashindwa polepole, mpaka aliye nyuma yake kwenye benchi amekula mizizi yake yote ya ming'oko na kwenda zake. Na lilikuwapo jambo jingine, ambalo nilichelewa kulielewa. Kabla ya vita gemu linakuuliza: kambi uweke wapi? Mtoni au mlimani? Kila mtu wa kwetu aliyeshika pedi alichagua mlimani. Wala hakufikiri. Babu zetu walipofukuzwa na wateka watumwa walipanda juu kwenye ardhi isiyo na tone la maji, kwa sababu kiu unaweza kuizoea na pingu huwezi, na tangu hapo Mmakonde akisikia neno adui miguu yake inatafuta mlima. Sasa humo ndani ya gemu adui hapandi. Anakaa chini, anazunguka, anafunga njia ya mtoni, anakungoja. Siku chache tu bendera zako zinaanza kuanguka moja moja. Wamakua na Wayao wa Masasi, watu wa bondeni, walitucheka mpaka wakashika mbavu. "Wamakonde, shukeni mnywe maji!" Nami nilipanda mlima ule ule kila asubuhi, nikafa kwa kiu kila asubuhi, wala sikujifunza.

Asubuhi moja katika kufa huko mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika kikombe cha chai. Nilikuwa nabonyeza kwa kidole kimoja cha kushoto, pedi nimeilaza pajani, sina haraka. Nilipoliona hilo nikaweka kikombe chini. Gemu hili halikuwa linataka mikono miwili. Lilikuwa linangoja. Ungeweza kunywa chai, kujikuna, kulia ukitaka, nalo lingekungoja tu.

Nikafunga banda. Niliwaambia wateja nina msiba mdogo, Mungu anisamehe, nikafunga tivii na mashine ndani ya blanketi, nikaazima jenereta dogo, nikapanda na lori la mnunuzi mmoja lililokuwa linakwenda Newala kuzoa korosho za mwisho. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Tulipopita Lulindi barabara ilikuwa tope la kunata, na mimi juu ya lori nimeikumbatia tivii kama mgonjwa.

Kaka aliniona nikishusha vitu. Nikampa maneno niliyoyapanga njia nzima: kwamba sidii mpya imekuja, kwamba wateja wamegawanyika, wengine wanalipenda na wengine hawalitaki, kwamba sijui kama niliweke au niliuze, na hakuna mtu wa kuaminika wa kulipima isipokuwa yeye. Niliyasema vizuri. Nikawasha jenereta, nikaweka pedi juu ya mkeka karibu naye, upande wa kushoto, nikajifanya naenda kumsaidia Mama kubangua njugu mawe.

Tulikuwa tumebangua nusu ya ungo niliposikia mlio mdogo wa gemu. Mama akanishika mkono. Tukabangua.

Nilipochungulia, kaka alikuwa amelaza pedi pajani, anabonyeza kwa kushoto, sura imekaza. Alikuwa ameweka kambi mlimani. Nilitaka kumwambia nikajizuia. Mvua ikaanza kupiga kwenye paa la makuti, na kwenye kioo pia mvua ilikuwa inanyesha, maana gemu lile lilikuwa na majira. Bendera zake zikaanza kuanguka.

"Kiu," nikasema kutoka mlangoni, kimasihara.

Akageuka kwa hasira. Nami nilifurahi hata kwa hasira hiyo. "Kiu gani? Mvua inanyesha! Watu wamekaa juu ya mlima masika nzima, na hakuna hata mmoja aliyetega ndoo? Hawana tangi? Hawa watu wazima kabisa, wanajeshi, wanangoja maji ya mtoni na mvua inawamwagikia kichwani?"

Mama alikuwa amekuja nyuma yangu na ungo wake. Akakitazama kioo kwa makini. "Labda hawana mabati," akasema.

Kaka alicheka. Kilimtoka kicheko kabla hajakizuia, na mimi nikageuka upande nisionekane nafuta macho. Tangu ile pikipiki nyumba ile haikuwa imesikia sauti hiyo.

Kwa hiyo niliamini nimeshinda. Alicheza kesho yake, akacheza na kesho kutwa. Alijifunza kumbembeleza jemadari, alijifunza kununua mchele mapema, alishika vijiji vya pwani yote ya ramani. Majirani walianza kuja kuchungulia; alipowasikia uani mkono wa kulia ulirudi ndani ya sweta na gemu likasimama. Hilo nililiona nikajifanya sikuliona. Nilijiambia polepole ndio mwendo. Nikaanza kupanga kichwani: atashuka Masasi, nitamtengea kona yake, kioo chake, watu watakuja kumtazama akitawala dunia kwa kidole kimoja.

Mchana mmoja, mvua inanyesha tena, alisimamisha gemu akaniita. Nikakaa mkekani.

"Dada, umekuja na gemu au umekuja na dawa?"

"Nimekuja na gemu. Si nilikwambia, wateja..."

"Wateja hawajagawanyika. Mimi nawajua wateja. Hakuna hata mmoja aliyelipenda." Akaweka pedi mkekani. "Kama ni dawa, sema ni dawa, nimeze ninyamaze. Kama ni gemu, niulize, nikwambie ukweli. Lakini usiniulize kuhusu gemu halafu ukatazama kama homa imeshuka."

Niliona aibu, na nikakasirika kwa kuona aibu, ndivyo nilivyo. Nikasema, "Haya. Ni gemu. Nakuuliza. Zuri au baya?"

Akalipima mbele yangu. Sijasikia tena mtu akipima kitu kwa haki namna ile. Alianza na mema yake. Alisema linajua kwamba shibe inatangulia panga, na kwamba hakuna gemu jingine alilowahi kucheza linalojua hivyo. Alisema linajua kinyongo. Alisema linamfundisha mtu kungoja, na mtu wa kulima anajua kungoja, ila linachelewa mno kumwonyesha matunda, msimu wake mmoja mrefu kuliko msimu wetu. Akaja kwenye mabaya. Mlima usio na tangi, hilo hakuliachia. Aliyelitengeneza hajawahi kuishi juu. Na vita vyenyewe ni vya kutazama kwa mbali, kama mchwa. Unampeleka mtu, anakwenda, anapigwa, unamwona anapigwa, na huna la kumfanyia.

"Na yule jamaa," akasema, akielekeza kidevu kwa mwenye nywele ndefu kitini. "Wamempa cheo, wamempa kiti, wamempa ramani nzima. Lakini mimi najua anavyokata. Kila anapoinua huo mkono kutuma watu mimi naona mkono unaojua kukata, unafanya kazi ya kunyoosha kidole. Wao wanadhani wamempandisha."

Jenereta lilikuwa linaunguruma nje. Nilikuwa natazama mkeka.

"Gemu zuri," akamaliza. "Liweke ukitaka. Ni zuri kwa mtu ambaye hajawahi kucheza lile jingine."

Basi nikalia. Nilikuwa nimelibeba juu ya lori, nimeikumbatia tivii kwenye tope, na mtu mwenyewe analitazama lote mpaka chini na kuniambia kwa upole kwamba halitoshi. Nikamwambia ukweli, kwa sauti mbaya ya kilio: kwamba sikujali gemu hata kidogo, nilitaka ashuke, nilitaka aitikie watu, nimechoka kukaa na wale wajinga wa benchi peke yangu, na Mama anaogopa.

"Najua," akasema.

Baadaye akauliza kama ile sidii nyingine, ya Panga lenyewe, nilikuja nayo. Nilikuja nayo. Ilikuwa chini kabisa ya mfuko wangu wa nguo, nimeiviringisha kwenye kanga, na hata leo siwezi kueleza kwa nini nilibeba kitu ambacho nilikuwa nakificha asikione.

"Iweke," akasema. "Cheza wewe. Mimi nitakwambia."

Sikuwahi kucheza Panga mbele ya kaka. Wala mbele ya mtu yeyote. Nikashika pedi na vidole vyangu vikawa vigumu kama vijiti vya muhogo. Alisogea nyuma yangu, akaanza: "Nenda. Kushoto. Ruka. Sasa kata. Nyuma! Nyuma yako!" Alikuwa anajua kila adui anatokea kona gani, alikuwa analijua gemu lile kama njia ya kisimani. Na mimi nilikuwa nasikiliza kwa moyo wote, neno linatoka, naliitii. Nikafa. Tukaanza tena. "Ruka. Kata. Kata!" Nikafa tena, pale pale darajani. Sauti yake ilianza kupanda, yangu ikaanza kujibu, Mama akakohoa uani kutukumbusha kwamba yupo.

Kaka akainama, akanitazama vidole. Kisha akasema, "Unanisubiri."

"Wewe ndiye unayejua."

"Ninajua, ndiyo. Lakini mpaka nione, niseme, usikie, wameshakukata. Nimekutazama vidole. Unajua pa kukata kabla sijasema, unakwenda, halafu unajizuia mpaka unisikie mimi." Akavuta pumzi. "Usinisubiri, dada."

Neno lile lilinichoma, kwa sababu tangu mwezi wa salfa sikuwa nimefanya kitu kingine. Pedi yake nilikuwa nimeitundika msumarini, hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Nafasi yake kwenye benchi nilikuwa nawafukuza watu. Wateja waliponisifu kwa jambo lolote nilisema, kaka akirudi. Nilidhani huo ndio upendo, na ulikuwa upendo, sikatai. Lakini nilikuwa nimemwekea mahali pa mtu ambaye hayupo tena, halafu nashangaa kwa nini hatoki ndani.

Nikaanza steji upya. Safari hii sikumsikiliza. Alisema kushoto nami nimeshatoka kushoto. Alisema ruka nami niko hewani. Darajani nikawafyeka wa mbele, nikageuka kabla hajapiga kelele, nikawafyeka wa nyuma. Mara moja alinielekeza vibaya kabisa, na nikakataa, nikapita ninapopajua mimi. Baada ya hapo hakusema tena. Nilimsikia anapumua tu. Bosi alipoanguka kaka alipiga ukelele ule wa wateja wa benchi la mbele, ule wa mtu ambaye hana mkono wowote kwenye jambo na bado amefurahi.

Mama akauliza kutoka uani, "Nani anacheza?"

"Dada," kaka akajibu. "Mimi natazama."

Alishuka nami Masasi mvua ilipokatika. Panga la Kukaa tulimwachia mwalimu mmoja ambaye alikuwa hajawahi kushika pedi maishani mwake, na mpaka leo analisifu. Siku ya kufungua banda kaka aliingia wa mwisho, akakaa benchi la nyuma kabisa, sweta mwilini katika joto lile la Masasi, mkono mfukoni. Watu walimwamkia kwa chini chini, wakageuka haraka, kwa heshima ile inayomfanya mtu aonekane maiti. Niliona hataweza. Nilikuwa natafuta kisingizio cha kumtoa.

Fundi baiskeli alikuwa anacheza. Alifika darajani, akakosea, akarudia, akakosea vile vile. Kaka alijigeuzageuza kwenye benchi. Mwishowe kikamtoka: "Kata nyuma, we mjinga! Nyuma! Huoni?"

Na fundi, akili yote iko kwenye kioo, bila hata kugeuka, akamrudishia alivyokuwa akimrudishia siku zote: "Njoo ucheze wewe basi!"

Fundi akageuka, uso umemshuka, amekumbuka anazungumza na nani. Hakuna aliyethubutu kutazama popote. Kaka akatoa mkono wa kulia mfukoni, akauinua juu, vidole vimejikunja vile vile, akauzungusha polepole ili wa mbele na wa pembeni wote wauone.

"Kwa huu?" akasema.

Alicheka yeye kwanza. Ndipo na sisi tukacheka.